Funga, Kaza, Tulia

Shule ya Wasichana,
Kilifi.
2 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Zipporah,

Leo ni Jumapili, tarehe mbili Februari, na ninaapa kukueleza yote bila kupunguza, kwa utaratibu ulionifundisha wewe mwenyewe: kwanza kilichoonekana, kisha kilichofuata, maoni yaje mwisho.

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Nakuru ukiwa mzima. Huku hatujambo kwa kiasi. Baba amerudi Marereni kwenye kazi ya chumvi na visigino vyake vimepasuka tena. Anasema ukimwona usimpe pole, mpe mafuta. Hawe anakusalimu sana, wewe binti yake. Anasema mnazi wako wa mbele ya nyumba umeanza kuzaa upya, kwa hiyo huna tena sababu ya kusema kwamba Jilore hakuna kitu chako. Mimi nimeingia Kidato cha Tatu. Maktaba yetu ina vitabu vyako hamsini na kimoja. Whitney, ambaye kitanda chake kimepakana na changu, husema wasichana wengine mashangazi zao wako jikoni, wangu yuko kabatini.

Wakati wa Krismasi Baba alikwambia kwa simu kwamba mdogo wangu Pola aliumwa na nyoka na mguu umekatwa. Hakukwambia zaidi ya hapo, na alinikataza nami nisikusumbue. Lakini nyuma ya kila kitabu chako umeandika: "Una swali? Niandikie. Kila mtoto hujibiwa." Basi sikusumbui. Mimi ni mtoto, nina swali.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Desemba, saa nne asubuhi. Pola alikuwa akiokota korosho nyuma ya jiko la Hawe. Akamkanyaga bafe, yule nyoka mnene anayelala kwenye majani makavu na hasogei hata akisikia kishindo. Alimuuma juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Hawe alitoka na mwiko mkononi akasema, "Mwiteni Lewa alete pikipiki, saa hii hii!"

Pikipiki haikuitwa saa ile. Mguu ulifungwa kwanza, kwa kamba ya mkonge, chini ya goti. Ilifuatwa njia ya ukurasa wa kumi na nne wa kitabu chako cha nyoka. Naunakili hapa, usije ukasema nimekosea:

"Rafiki yangu akiumwa na nyoka, sipigi kelele. Ninafunga kamba juu ya jeraha. Ninaikaza mpaka kidole kisipite. Ninamtuliza akae chini hadi maumivu yapungue, ndipo twende hospitali. Kamba haifunguliwi na mtu ila daktari. Funga, kaza, tulia!"

Pola alitulizwa karibu saa nzima. Maumivu hayakupungua. Kisha akaja Lewa, kisha njia ya hospitali ya Malindi, na watu wote waliotaka kuifungua ile kamba njiani walikatazwa. Kamba ilipokatwa ilikuwa imekaa muda wa saa nne na mguu ulikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Tabibu alisema sumu ya bafe huozesha nyama, na kuizuia mahali pamoja ni kuiongezea kazi. Na mguu wenyewe ulikuwa umenyimwa damu. Siku ya sita waliukata chini ya goti.

Hayo ndiyo yaliyoonekana na yaliyofuata. Maoni yangu nimeyaweka kando kwa heshima.

Swali: maneno ya ukurasa wa kumi na nne uliyatoa wapi?

Mwana wa ndugu yako,
Kahonzi Kalama


Nakuru.
9 Machi 2025

Kahonzi mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako, na nimefurahi kuona mwandiko wako umenyooka. Nisamehe kwa kuchelewa. Nina kitabu mkononi, cha mia moja, Mungu akipenda, na mchapishaji ananihimiza kila asubuhi.

Huku kumenyesha mvua ya mawe wiki iliyopita. Wewe ambaye hujawahi kuyaona ungeyapenda. Tone la maji hupandishwa na upepo ndani ya wingu, juu kabisa kwenye baridi, likaganda. Likishuka hushika maji mengine, likapandishwa tena, likaganda tena. Ukipasua jiwe moja utaona miviringo ndani kama ya kitunguu. Unaweza kuhesabu limepanda mara ngapi.

Habari za Pola zimenichoma sana. Kalama hakunieleza kwamba kulikuwa na kitabu ndani yake. Nyoka ni nyoka, mwanangu, na bafe ana sumu nyingi kuliko wengi. Hatuwezi kujua mguu ungekuwaje kwa njia nyingine. Tumshukuru Mungu kwamba amebaki na uhai.

Namtumia Pola nakala ya kitabu changu cha themanini na nane, kinachoeleza jinsi mwili unavyojitengeneza wenyewe. Kina picha nzuri za ngozi na mifupa. Msomee.

Msalimie Hawe. Mwambie nazi zile ni zake.

Shangazi yako,
Zipporah Karisa


Kilifi.
23 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hawe hajambo, ila magoti. Baba hajambo. Mtihani wa katikati ya muhula nimeshika nafasi ya pili, nimezidiwa na Whitney alama tatu, na anatembea kama aliyechaguliwa kuwa gavana.

Sasa nimemaliza salamu.

Niliuliza swali moja. Umenijibu mvua ya mawe. Shangazi, usinifundishe mvua ya mawe! Nimekusoma tangu nikiwa na miaka minne, najua unavyofanya. Ukifika mahali usipotaka kukanyaga, unatoa kitu kizuri mfukoni unamwonyesha mtoto, na mtoto anasahau alikuwa akielekea wapi. Mimi nimekuwa mkubwa.

Kitabu kilifika nyumbani. Hawe alimfungulia Pola, na Jumapili iliyopita walipokuja kunitembelea Pola alikuja nacho kwapani, juu ya magongo yake. Akaniuliza, "Dada, nimetafuta kote. Ni ukurasa gani mguu unaota?"

Nikamwambia hakuna.

Akasema, "Mjusi mkia unaota. Shangazi ameandika, ukurasa wa tisa."

"Wewe si mjusi."

"Basi kwa nini amenitumia?"

Wazazi wa watu wakageuka kututazama. Hawe akakichukua kile kitabu akakikalia, hakukitoa mpaka walipoondoka. Mama yako, Shangazi. Alikikalia.

Unasema hatuwezi kujua mguu ungekuwaje. Tabibu anajua. Nilimuuliza, akanitajia watoto wanne walioumwa na bafe mwaka huo huo na kuletwa bila kamba. Wote wanatembea. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akisema "hatuwezi kujua" aulizwe kwanza kama amejaribu kujua. Je, umejaribu?

Narudia swali langu, na safari hii nimelipigia mstari chini: maneno yale uliyatoa wapi?

Kahonzi


Nakuru.
14 Aprili 2025

Kahonzi,

Sijazoea kuandikiwa hivyo na mtoto wa ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikaiweka, na mara ya tatu nikaona nikujibu kwa ukali ule ule, kwa kuwa unataka tuandikiane kama watu wazima.

Uliapa kunieleza yote. Hukunieleza. Umeandika pikipiki haikuitwa, mguu ulifungwa, watu walikatazwa. Hawe hasomi. Kalama alikuwa Marereni. Pola ana miaka tisa na ndiye aliyeumwa. Nani aliyefunga ile kamba, Kahonzi?

Na kwa kuwa unataka kujua maneno yalikotoka, nitakwambia. Nimetoa rasimu ya kitabu kile kwenye kabati, iko hapa mezani. Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya kazi siku zile. Kila rasimu nilikutumia wewe kabla ya mtu mwingine, ukaisoma na penseli mkononi, ukaandika pembeni palipokuchosha. Mwaka 2017 ulikuwa na miaka tisa. Ukurasa wa kumi na nne, jinsi nilivyouandika mwanzo, una maneno haya tu: "Akiumwa na nyoka, mwiteni mtu mzima, apelekwe hospitali upesi." Na pembeni, kwa mwandiko wako wa herufi kubwa, kuna hivi:

"SHANGAZI HAPA PAMEPOA. MTOTO YEYE AFANYE NINI?"

Nikaona una haki. Nikatafuta kitu cha mtoto kufanya. Baba yangu, babu yako, aliwahi kumfunga jirani yetu kamba ya mkonge alipoumwa shambani, na yule jirani akaishi hadi kuona wajukuu. Nilikuwa nimesimama pale. Basi nikaandika nilichokiona.

Sasa unajua. Ukitaka kugawa lawama, anza kwa kuhesabu waliokuwa mezani.

Zipporah Karisa


Jilore.
27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tuko likizo. Hawe amekaa karibu nami anamenya muhogo na anauliza naandika nini kwa nguvu hivyo mpaka meza inatikisika.

Mimi ndiye niliyefunga.

Nilikuwa nikingojea uniulize, na nilikuwa nikiomba usiniulize. Mimi ndiye. Hawe aliponiambia nimwite Lewa nilimwambia, "Hawe, ngoja, kuna utaratibu." Akasema, "Utaratibu gani? Mtoto anakufa!" Nikamwambia, "Shangazi ameandika." Na unajua alifanya nini? Alinyamaza. Mama yako, aliyezaa watoto saba na kuona nyoka wengi kuliko kurasa zako, alinyamaza na kurudi nyuma hatua mbili kwa sababu binti yake ameandika. Ingekuwa kitabu cha mtu mwingine angenizaba kofi na Pola angekuwa na mguu.

Nilimwimbia, Shangazi. Nilimshika mabega nikamwimbia "funga, kaza, tulia" na yeye akaitikia, kwa sababu na yeye anaijua, wanaiimba shuleni. Alikuwa akilia na kuitikia. Ninaisikia nikila, nikioga, nikifanya hesabu. Umeipangia mapigo mazuri, haitoki.

Na wewe unanitolea rasimu! Nilikuwa na miaka tisa! Niliuliza swali! Kwenye vitabu tisini na tisa unawaambia watoto waulize, kuuliza si kosa, hakuna swali la kijinga. Kisha mtoto mmoja ameuliza na wewe miaka minane baadaye unamwonyesha penseli yake kama polisi anayemwonyesha mwizi kisu. Sikukwambia uandike kamba. Nilikuuliza mtoto afanye nini. Ulikuwa na nafasi ya kumuuliza tabibu mmoja. Mmoja tu.

Nimemaliza hilo. Sasa jambo jipya, na hili ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja hasira zipungue.

Jumatano tulimpeleka Pola akapimwe mguu wa bandia. Tabibu anayemwangalia anaitwa Mahmood, mtu wa Malindi, mpole, husema "in shaa Allah" hata akiomba pamba. Pola alikuwa akimtania, "Daktari, unipe mrefu kidogo, nimpite dada." Akamwambia, "Nitakupa wa kukimbilia, si wa kuringia." Kisha akaniona nimeshika kile kitabu. Nilikuwa nimekibeba nimwonyeshe ule ukurasa. Hakukifungua hata. Akasema, "Nakijua hiki. Niliwahi kumwandikia huyu bibi, mwaka wa ishirini na moja. Nililetewa mtoto wa namna hii hii kutoka upande wa mtoni. Nikamwandikia kurasa mbili kwa adabu zote."

Nikamuuliza, "Alikujibu?"

Akasema, "Pale nyuma ameandika kila mtoto hujibiwa. Labda nilikuwa mkubwa mno."

Hakujua wewe ni nani kwangu. Nilikitia kitabu ndani ya mkoba wangu na sikumwambia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona haya kwa jina lako, mimi niliyekuwa nikilitaja hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza.

Je, barua ya Tabibu Mahmood uliipata?

Kahonzi


Kilifi.
15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Siku arobaini na tisa. Nimezihesabu.

Pola amepata mguu. Umemzidi urefu kidogo, na anasema ndivyo alivyotaka.

Kahonzi


Nakuru.
6 Julai 2025

Mpenzi Kahonzi,

Marahaba, mwanangu. Sijaugua. Nilianza barua hii mara nyingi na kila mara nilijikuta naeleza jambo lisilohusika: kwa nini wino hukauka, kwa nini karatasi hugeuka manjano. Umenijua vizuri kuliko nilivyopenda.

Niliipata barua ya tabibu. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaitia katika faili ya barua za kujibiwa, na kila mwezi nilipoifungua ile faili niliisogeza chini. Mwaka uliofuata mchapishaji akachapa kitabu upya kwa jalada jipya. Aliniuliza, "Kuna la kubadilisha?" Nikasema rangi ya jalada.

Sijitetei. Nakueleza tu, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa msomaji wangu wa kwanza.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu Matsangoni. Watoto sabini, vitabu vitatu vya sayansi, na vyote vitatu vilianza na theluji. Mtoto wa Matsangoni anafunzwa theluji! Msichana mmoja, Kavumbi, alisimama akauliza, "Mwalimu, mito yote inaingia baharini, mbona bahari haijai?" Nikamwambia akae chini. Nilimkalisha kwa sababu sikujua. Siku tatu baadaye nilimletea kurasa nne nilizoziandika kwa mkono, na katika kurasa zile kulikuwa na jua la Marereni linavyokausha maji na kuacha chumvi. Alizisoma, akaja na swali jingine. Ndivyo nilivyoanza, sikuwa na mpango wowote.

Kitabu cha kwanza kilinichukua miaka mitatu. Kila sentensi nilimpelekea mtu anayejua. Cha kumi kilinichukua miezi mitatu. Kufikia cha hamsini, walimu walikuwa wakiniandikia kwamba watoto wanangoja, mchapishaji anangoja, na mimi nilikuwa nimeacha kuuliza watu kwa sababu watu sasa walikuwa wananiuliza mimi. Kitabu cha nyoka nilikiandika kwa siku kumi na moja. Nilijivunia zile siku kumi na moja. Nilizitaja kwenye redio.

Swali lako la penseli lilikuwa zuri. Nisamehe kwa nilivyolitumia.

Lakini hilo unalolitaka, na najua unalitaka ijapokuwa hujaliandika, siliwezi. Kitabu cha mia moja kinazinduliwa Septemba, na wamependa uzinduzi ufanyiwe huko kwetu, Kilifi. Watakuja walimu wa kaunti nzima. Nikisimama niseme kitabu kimoja kina kosa kubwa kama hili, watarudi shuleni kwao na kuvitoa vyote kabatini, maana nani atajua ni kipi kingine? Watoto watarudi kwenye theluji. Miaka thelathini na mmoja, Kahonzi. Nimeshamwambia mchapishaji ukurasa ule ubadilishwe watakapochapa tena. Utabadilishwa kimya kimya na hakuna atakayeumia.

Mkumbatie Pola. Sina kitabu cha kumtumia.

Shangazi yako,
Zipporah


Kilifi.
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Hawe alikuwa na homa mwezi wa Agosti lakini amepona na amerudi kugombana na mbuzi. Baba amehamishiwa kwenye mizani, kwa hiyo visigino vimepata likizo. Pola yuko Gredi ya Nne na amekuwa kiongozi wa mchezo wa kuruka kamba. Yeye ndiye anayezungusha, na anawaadhibu wanaokosea bila huruma.

Sikukujibu kwa makusudi. Ilikuwa barua ya kweli, na nilitaka nikujibu bila matusi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa tayari kukuandikia kwamba nimekuelewa, kwamba ukurasa ubadilishwe kimya kimya na yaishe. Nilikuwa nimeshaandika mistari sita.

Kisha Ijumaa iliyopita klabu yetu ya sayansi ilialikwa katika shule moja ya msingi huko Matsangoni. Walitupanga kwenye viti, wakatuletea maji ya madafu, na mwalimu akasema watoto wa Gredi ya Nne wametuandalia igizo la huduma ya kwanza. Msichana mdogo akatembea akiimba, akajifanya amekanyaga kitu, akaanguka. Wenzake wanne wakamzunguka. Mmoja akatoa kamba ya katani mfukoni. Shangazi, walikuwa na kamba ya kweli. Wakamfunga chini ya goti, na darasa zima likasimama likapiga makofi kwa mapigo yako: "Funga! Kaza! Tulia!" Mwalimu wao alikuwa akitabasamu, akaniinamia akasema, "Wanalijua kwa moyo. Tunalifanya kila muhula."

Nilisimama. Nikapita katikati ya igizo lao, nikapiga magoti nikaanza kuifungua ile kamba. Fundo halikulegea. Yule msichana akanisukuma mkono akasema kwa ukali, "Wee, haifunguliwi na mtu ila daktari!" Watu wote wakacheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Nilipowaeleza, mwalimu alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, wewe uko Kidato cha Tatu. Huyu ana vitabu mia." Kabatini kwake nilihesabu nakala kumi na mbili. Hakuniruhusu kuchukua hata moja.

Hizo nakala kumi na mbili hazitabadilishwa kimya kimya na mtu yeyote. Vitabu vyako havifi haraka, umeviandikia jalada gumu. Watakuwa wakiimba mpaka yule msichana awe na watoto. Na mimi nimeshajaribu kusema: hawanisikii. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwafungua wale watoto kutoka kwa Shangazi Zipporah.

Unaogopa wataviondoa vyote. Nimelifikiria hilo kwa haki, kwa sababu na mimi sitaki warudi kwenye theluji. Labda watakuwa na shaka kwa muda. Lakini tangu nikiwa na miaka minne ulinifundisha kwamba sayansi ni kusema "nilikosea" kabla ya kulazimishwa, na hilo nililiamini kuliko kitu kingine chochote katika vitabu tisini na tisa. Kama si kweli, niambie sasa, ili nijue nimesoma nini maisha yangu yote.

Na swali la penseli nimelipatia jibu, nimechelewa miaka minane. Mtoto afanye nini? Akimbie akamwite mtu mzima. Amwambie mgonjwa asitembee. Asaidie kumbeba. Hayo yote mtoto anaweza. "Ita, tuliza, beba." Nimelipiga makofi, linaimbika vizuri vilevile. Nakupa, si la kulipia, wala usiandike jina langu.

Sasa lililobaki. Uzinduzi wa kitabu cha mia moja utafanywa hapa hapa shuleni kwetu, Jumamosi tarehe ishirini na saba. Mwalimu mkuu hajui tunayoandikiana. Amenichagua mimi kutoa hotuba ya kukukaribisha, kwa kuwa wewe ni shangazi yangu, na amenipa kazi ya kupanga ratiba. Pola atakuwepo, safu ya mbele, na Hawe, na Baba ameomba ruhusa kazini. Walimu wa kaunti watakuwepo, na yule wa Matsangoni pia. Nimeliona jina lake kwenye orodha. Tabibu Mahmood nimemwalika mimi. Kitabu cha nyoka kitakuwa mezani pamoja na vingine vyote, kimepambwa kwa utepe.

Katika ratiba, baada ya wimbo wa skauti na kabla ya keki, nimeacha dakika kumi. Sijaandika zitakuwa za nani. Ukurasa wa kumi na nne utasomwa katika dakika hizo, na itasemwa kwamba si kweli, na mguu wa Pola utatajwa, na kamba itatajwa ilifungwa na nani. Hilo la mwisho nitalisema mimi, sitakuachia wewe. Pola anakumbuka kwamba nilimfunga, lakini bado hajaniuliza kamba ile ilimfanya nini, na nataka alisikie kutoka kinywani mwangu kabla hajawa mkubwa wa kulisikia kwa wengine. Ninaogopa kuliko ninavyoweza kuandika.

Nina hasira nawe bado. Lakini nimekupangia kiti katikati ya Hawe na Pola, kwa sababu nataka uje.

Barua kutoka hapa huchukua siku tisa, na yako siku tisa kurudi. Ukiijibu hii siku ile ile utakayoipokea, nitakuwa na siku tatu za kuandika jina kwenye ratiba. Usiniandikie habari za mvua, Shangazi. Neno moja linatosha.

Utasimama uusome wewe, au niusome mimi?

Kahonzi